Keshia Aliyezidisha

Kwanza niseme kwamba majina ya watu wote waliomo humu ninayo kichwani, hata la mlinzi wa mlangoni, hata la mama yake mlinzi, ambaye nilikuwa nauza naye sokoni kabla mwanawe hajazaliwa. Sitayaandika. Duka bado lipo, watu wanakula kutokana nalo, na mimi mwenyewe bado nanunua sukari humo.

Ninakaa Chuno, hapa Mtwara, na tangu mume wangu afariki kazi yangu ni vitumbua. Mchele naletewa kutoka shamba, nazi zipo, lakini sukari na mafuta lazima ninunue, tena kila wiki. Ndiyo maana lilipofunguliwa lile duka kubwa la kuingia na kikapu ukajichagulia mwenyewe, mimi nilikuwa katika wazee wa mwanzo kuingia. Wenzangu waliogopa. Walisema mle ndani kuna baridi kama chumba cha maiti, na kwamba ukishika kitu ukakirudisha wanakukamata. Mimi nililipenda kwa sababu ya sukari. Imefungwa, uzito umeandikwa, hakuna mkono wa mtu kwenye mizani. Nilianza kutumwa dukani nikiwa mtoto, kule Mikindani, na najua kidole cha muuza duka kinaweza kuwa na uzito gani.

Kilichonitia wasiwasi ni pale pa kulipia. Kwenye duka la zamani mambo yote yalikuwa wazi. Unasema nusu kilo, anapima, anataja bei, mnabishana, unalipa, anakupa chenji, au anakupa pipi badala ya chenji na mnaanza kubishana upya. Hapa binti kakaa, anapitisha vitu juu ya kioo, mashine inalia tii, tii, tii, halafu namba inatokea kule juu na umeshadaiwa. Hakuna mahali pa kuingiza neno. Basi nikajitungia dawa yangu. Nikawa nasikiliza milio. Mlio mmoja, kitu kimoja. Hilo halitaki shule, na mimi shule niliiacha darasa la nne, siku ile baba aliposema mtoto wa kike anayejua kusoma barua ya chifu ameshasoma vya kutosha.

Kwa milio hiyo ndiyo nilimpata yule binti. Nilikuwa nimesimama mbele yake na vitu vyangu, naye akapitisha pakiti ya sukari, ikalia. Akaigeuza kidogo kuiweka pembeni, ikalia tena.

"We binti," nikasema, "umeniibia."

Nina sauti, sikatai. Foleni yote iligeuka. Yeye akatazama kwenye kompyuta yake, akashika mdomo.

"Kweli, bibi. Sukari imeingia mara mbili. Nisamehe. Ila mimi mwenyewe siwezi kuifuta, mpaka msimamizi aje na ufunguo wake."

Tukasubiri huo ufunguo. Watu nyuma yangu wakaanza kukohoa kwa makusudi. Binti alikuwa ananitazama usoni, kwenye hizi chale zangu za mashavuni nilizochanjwa wakati nikiwa mwali, akitazama pembeni, akirudi tena.

"Bibi, samahani. Wewe Mmakonde?"

"Ulidhani Mzungu?"

"Basi ningejua mapema ningeipitisha mara tatu. Mimi Myao."

Lo! Nikaweka kikapu chini. "Myao! Ndiyo maana. Mlipelekwa shule, njiani mkasikia ngoma, mkaingia kucheza. Mashine utaiweza wapi?"

"Na nyie mlipelekwa sokoni mkarudi na panya."

"Panya ni wa kwenu. Sisi tunakula samaki nchanga."

Foleni ikapasuka kwa kicheko, kwa sababu kila mtu wa Mtwara anajua kwamba samaki nchanga ndiye huyo huyo panya wa shambani, kakaushwa, na jina tu ndilo limemvalisha nguo. Msimamizi alipofika na ufunguo alitukuta tunacheka wote, akadhani tunamcheka yeye.

Kwetu Mmakonde na Myao ni watani. Hili si jambo la kupiga porojo tu. Siku tulipomzika mume wangu, mama mmoja wa Kiyao, jirani yetu, alichukua kiatu cha marehemu akakivaa, akatembea nacho uani akiuvuta mguu wa kushoto vilevile alivyokuwa akiuvuta mume wangu mwenyewe, na akasema huyu hatoki humu ndani mpaka nilipwe. Mimi nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui bila kile kiatu ningeimalizaje ile siku. Mwanangu mkubwa ikabidi atoe pesa yake mwenyewe mfukoni, akaiinua juu watu waione, ndipo kiatu kikarudi. Desturi iko hivyo. Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki. Unakikomboa papo hapo, kwa pesa yako, na watu waone. Ukisema utalipa kesho umeharibu. Ukinuna umeharibu zaidi, na unatozwa faini.

Basi tangu siku ile ya sukari, mimi na yule binti tukawa na Ijumaa yetu. Foleni nyingine inaweza kuwa haina mtu, mimi nitasimama kwenye ya kwake hata kama imefika kwenye mafriji. Nikikaribia tu ananiona.

"Shikamoo, mla panya."

"Marahaba, mcheza ngoma."

"Bibi, leo samaki nchanga hawajaletwa. Friji letu ni la kuku tu."

"Hao kuku wamekufa kwa kukutazama."

Nilikuwa namfungia kitumbua kwenye gazeti, nakiweka juu kabisa ya kikapu changu, na kuangalia pembeni. Naye alikuwa anakikwapua, haraka, anakitupia chini ya kaunta, halafu ananiuliza kwa uso wa ibada, "Bibi, kuna kingine?" Nami nikishalipa, nikishapewa chenji yangu na risiti yangu, nikawa nachukua kiberiti kimoja kutoka kwenye kile kiboksi kilichokuwa mbele yake, nakiinua watu wakione, na kuondoka nacho.

"Ushuru wa Wamakonde!"

"Mwizi! Mlinzi, shika huyo, anarudi Msumbiji na kiberiti!"

Hilo la Msumbiji alilipenda kwa sababu nilimwambia kwamba baba yangu alivuka Ruvuma akitokea upande wa pili. Mlinzi alikuwa ananifungulia mlango huku akicheka. Na kule nyuma, nilikuwa najua bila kugeuka, binti ametoa sarafu yake na kukikomboa kile kiberiti, kwa kuwa kilikuwa mali ya duka na si yake. Ndivyo inavyotakiwa. Nilienda nyumbani nikawashia moto wa vitumbua kwa kiberiti hicho, na kilikuwa kinawaka vizuri kuliko vya kununua.

Halafu ikaja Ijumaa ambayo nilimkuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Nikatazama kaunta zote. Hayupo. Nikanunua vitu vyangu kimyakimya, na nilipofika mlangoni mlinzi akanivuta pembeni.

"Bibi, mtani wako kasimamishwa kazi."

"Kafanya nini?"

"Wanasema pesa yake inazidi."

"Inapungua."

"Inazidi, bibi."

Nikamtazama kama ana homa. Nimeishi umri wote huu, nimesikia watu wakifukuzwa kwa pesa kupungua, wengine ninawajua hata walikozikwa, lakini mtu kufukuzwa kwa kuzidisha sijapata kusikia.

"Meneja anasema anayezidisha ni mbaya kuliko anayepunguza," mlinzi akanieleza. "Eti keshia mwerevu anapitisha vitu pembeni ya mashine. Mashine haijui kama vimeuzwa. Pesa ya mteja anaiacha humohumo kwenye droo, inakaa inajaa, halafu siku moja anaichota yote, na hesabu inakuja sawasawa. Na mzigo unapungua humu dukani tangu mwezi jana. Ndipo wakaanza kutazama kamera." Akasita. "Bibi, kwenye kamera yupo na wewe."

Nilikaa kwenye ngazi za duka, na sukari yangu mapajani.

Nilipanda bajaji siku hiyohiyo mpaka Likombe, ambako binti anakaa na mama yake. Nilikuwa sijafika kwake, lakini nilikuwa na jina la mama na jina la baba, na kwa majina mawili hakuna nyumba ya Mtwara nisiyoweza kuipata. Niliikuta nyumba mpya, matofali yamepanda mpaka juu, milango ipo, na kichwani haina kitu, mbingu inaonekana. Wenyewe walikuwa wanakaa kwenye banda la pembeni. Mama mtu alikuwa anatwanga kisamvu. Binti akatoka, akafuta mikono, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Nikasubiri tusi. Halikuja. Tangu tujuane sijawahi kupata shikamoo yake safi, kila mara ilikuwa na mkia wa panya, na sasa ananisalimia kama anavyosalimiwa mke wa mkuu wa wilaya. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yameharibika kiasi gani.

Akanipa kiti, akanieleza. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mwezi ukiisha ndiyo alikuwa apewe barua ya ajira, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi alishamwambia kwamba akiiona hiyo barua atampa bati za mama yake, alipe kidogokidogo. Mvua haikuwa mbali. Mama aliendelea kutwanga, lakini kwa kila neno la mwanawe mchi ulikuwa unakwenda polepole zaidi.

"Kile kiberiti," nikasema, "si ulikuwa unakilipia?"

"Kila Ijumaa, bibi. Kwa pesa yangu."

"Sasa?"

"Sikukipitisha kwenye mashine. Ningekipitisha kingeingia kwenye risiti yako, ukalipa wewe, na utani ukawa umekufa. Na sisi makeshia haturuhusiwi kujiuzia kwenye kaunta zetu wenyewe. Ukitaka kununua kitu unapanga foleni kwa mwenzako baada ya zamu. Nami sikuweza kusubiri baada ya zamu, si lazima ukomboe papo hapo? Kwa hiyo nilikuwa nadumbukiza tu sarafu kwenye droo. Nilijua duka halijapoteza, basi. Nikamwambia meneja ni utani. Akaniuliza utani gani huo unaotoka mlangoni na bidhaa."

"Kwa nini hukuniambia kuna taratibu kama hizo?"

Akatazama vidole vyake. "Ungeacha."

Niliaga, mama yake akanipa kisamvu kwenye bakuli, nami nikakipakata ndani ya bajaji kama kitoto kichanga.

Kesho yake nilivaa kitenge changu cha sikukuu nikaenda kumwona meneja. Ni kijana wa ukoo wa wenye duka. Babu yake namkumbuka vizuri, alikuwa na duka Mikindani, na Kimakonde cha sokoni alikijua kuliko wanangu mimi. Ungeweza kumtukana naye akakurudishia na nyongeza. Lakini mjukuu alikulia Dar es Salaam, akasomea biashara, akaletwa huku kusimamia. Ni mtoto mwenye adabu. Alisimama nilipoingia, akanivutia kiti, akaagiza maji.

"Bibi, mimi sikutaka kukusumbua. Wewe ni mteja, tena mtu mzima. Nilisema haya tuyamalize na keshia."

"Unanitia kwenye kesi halafu huniiti? Nionyeshe nilivyoiba."

"Sijasema umeiba."

"Basi nionyeshe nisivyoiba."

Akageuza kompyuta upande wangu. Nikaiona kaunta kutoka juu, kama kunguru anavyoiona. Mbele yake kulikuwa na kibibi kimoja kimejitanda khanga, kinatikisa kichwa, kinanyoosha kidole, kinapepea mkono, na hakuna sauti yoyote. Nikacheka.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

Nikasogeza kiti. Akanionyesha kwa kalamu yake. "Hapa keshia anapokea kitu kutoka kwako kimefungwa kwenye gazeti. Anakificha chini. Kitu gani hiki?"

"Kitumbua."

"Kitumbua?"

"Tena simpi. Ananiibia."

"Anakuibia?"

"Kila Ijumaa. Ndiyo maana namfungia."

Akaamua kuendelea. "Haya. Hapa umeshalipa. Unachukua kiberiti, hakijapita kwenye mashine. Unaondoka. Yeye hakuiti, anacheka. Halafu anafungua droo, mkono unaingia. Bibi, ungekuwa wewe na duka lako, ungefikiri nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza utani, nikamweleza kiatu cha mume wangu, nikamweleza na babu yake. Alisikiliza, lakini nilikuwa naona maneno yangu yanamfikia kama hadithi ya sungura. Akasema, "Bibi, mimi nakuamini wewe. Lakini droo haijui utani. Nani aliyeona akitoa pesa yake?"

"Foleni nzima."

"Foleni imeshakwenda nyumbani."

Ningeondoka hapo, na mpaka leo sipendi kufikiria ningemwambia nini yule mama wa Likombe. Lakini picha ilikuwa bado inakwenda, na nikamwona yule kibibi anageuka kwenda mlangoni, na nikaona kitu ambacho sijakiona maisha yangu yote, yaani mimi mwenyewe kwa nyuma.

"Rudisha, baba."

"Nini?"

"Rudisha nijione. Hivyo ndivyo ninavyotembea? Kama bata aliyeshiba?"

"Bibi, hapa hatuko sinema."

"Mara moja tu. Wanangu hawajaniambia."

Akahema, akarudisha. Mimi nikawa namtazama yule kibibi, na kweli khanga yangu ilikuwa imepanda upande mmoja na Mtwara nzima imenyamaza. Nikaomba tena. Na yeye meneja, kwa kuwa alikwishachoka na mimi pamoja na bata wangu, macho yake yakawa hayana pa kwenda, yakaenda upande wa pili wa picha, kwa binti.

"Subiri," akasema.

Akasimamisha. Akarudisha kidogo, akaiacha iende polepole. Siku zote alikuwa anamfuata kibibi na kiberiti chake mpaka mlangoni, halafu anarudi kwenye droo. Sasa alikuwa anamtazama binti peke yake. Binti aliinama, akatoa kipochi chini ya kiti. Akakifungua. Akatoa kitu kidogo kwa vidole viwili, akakiinua juu ya kichwa chake, kikametameta kwenye taa. Watu wa foleni wakawa wanapiga makofi bila sauti. Ndipo droo ikafunguka.

"Hapa anamwonyesha nani hiyo sarafu?"

"Mimi, na hao watu. Lazima ionekane, la sivyo hujakomboa."

"Na midomo inakwenda. Anasema nini?"

"Anasema, 'Haya, tumekukomboa, nenda kapikie panya wako.'"

Akaweka mkono mdomoni. Alijitahidi sana, maskini, lakini mabega yalimsaliti. Kisha akafungua Ijumaa nyingine, na nyingine. Hakusema neno, nami sikusema. Nimeuza vitumbua muda mrefu, najua mteja anayekaribia kukubali hasemeshwi. Kila mahali kipochi kilikuwa kinatoka kwanza, na sarafu inapanda juu, na kibibi kinatoka nje kama bata.

Alipomaliza akaiweka kalamu mezani.

"Hakuiba," akasema. "Nilitazama mkono unaoingia, sikutazama ulikotoka."

"Basi mrudishe."

"Bibi, nisikilize na mimi. Kitu kikitoka mlangoni bila mashine kukiona, mimi nitajuaje huu ni utani na ule ni wizi? Leo mtani ni wewe na kiberiti. Kesho kila keshia ana mtani wake, na anatoka na mafuta ya kula."

Hapo alinipata. Alikuwa anasema kweli. Babu yake angeweza kukaa mlangoni akamjua kila anayetoka na ukoo wake. Huyu ana watu wa kila pembe wanaoingia na kutoka tangu asubuhi, na jicho lake ni lile moja lililotundikwa darini.

"Atarudi Jumatatu," akasema. "Mwezi ukiisha bila droo kuzidi wala kupungua, barua yake atapata. Ila kuna sharti."

"Nimekubali."

"Sijalisema."

"Nimelikubali hivyohivyo."

Akatabasamu, lakini alilisema. "Wewe usipite tena kwenye kaunta yake. Lipia kwa keshia mwingine. Na viberiti uvinunue kama watu wote."

Niliposhika mlango aliniuliza, kama mtu anayeona aibu, mzigo wa dukani unakwenda wapi kama si huku. Nikamwambia hilo alitafute stoo, mimi nimekuja kwa ajili ya kiberiti. Baadaye nilisikia kweli tatizo lilikuwa kwenye kupokea mzigo huko nyuma. Mambo hayo siyajui.

Sikuwa nimefika Chuno simu yangu ikaita. Nikaipokea, na kabla sijasema haloo nikasikia, "We Mmakonde! Umeenda kwa bosi wangu na chale zako zile, si umemtisha mtoto wa watu!" Hakukuwa na shikamoo hata ya kusingizia. Nilisimama katikati ya njia nikamtukana mpaka salio lake likaisha, na watu waliokuwa wakipita walidhani nina kesi na mkwe.

Siku hizi naingia foleni ya mbali, kaunta ya mwisho karibu na mlango. Keshia wa hapo ni mama mtu mzima kutoka Mtawanya, uso wake umefungwa kama duka siku ya msiba. Anapitisha vitu mlio kwa mlio, hakosei. Kiberiti changu kinalia tii kama sukari, nakilipia. Kitumbua namwachia mlinzi mlangoni ampelekee binti, na mlinzi anasema njiani hukidondosha kidogo, ndiyo maana kinafika kimemegeka. Meneja alikataza mikono, midomo hakuikataza. Binti anapiga kelele kutoka kaunta yake, "Mama, mhesabie vizuri huyo, anaficha panya kwenye khanga!" nami namjibu juu ya vichwa vya watu, na wageni wanageuka kushangaa. Yule mama wa kaunta ya mwisho hageuki. Mwanzoni nilidhani tunamkera. Nilikuwa namsalimia kwa adabu, ananijibu kwa adabu, ananipa risiti, basi. Niliwahi kumwambia mlinzi kwamba nimehamishwa kutoka harusini nikapelekwa matangani.

Mwezi ulipoisha binti alipata barua yake. Alinipungia kwa mbali, juu kabisa, wote tuione, na mimi nikapiga kigelegele pale pale kwenye foleni. Kisha zamu yangu ikafika. Yule mama akapitisha sukari, mafuta, iliki, kiberiti. Nikalipa. Akanihesabia chenji kwenye kiganja changu, taratibu, akakifunga kiganja kwa mkono wake.

"Ihesabu, bibi."

Hajawahi kuniambia hivyo. Nikaihesabu. Nikairudia. Nikamtazama usoni, na uso ulikuwa uleule, umefungwa.

"Mama, imepungua."

"Najua," akasema. "Mimi Mmakua."

Wamakua nao ni watani wetu, tena wa karibu kuliko hata Wayao, na miezi yote ile alikuwa amekaa hapo ananisikiliza nikitukanana na mtu mwingine. Akatoa sarafu iliyobaki kutoka ndani ya ngumi yake, akaiweka juu ya kioo, katikati kabisa, mahali kamera inapoona, akanisubiri niichukue.